Shukrani kwa Wingu la Parramatta

Wingu halina mtetezi Parramatta. Bibi harusi analilaani, mama yake analilaani zaidi, na mgeni aliyeshuka jana akitaka kuiona milima ya Blue Mountains kabla ya kurudi Nairobi anaona ameonewa. Hata wapiga picha, ambao ndio wangepaswa kulijua, hulitaja kama msiba: siku imeharibika, anga limekufa, mwanga hakuna. Naishi kwa kamera katika mji huu, na naandika kulishukuru wingu hilo kwa yote linayotufanyia. Sijui jambo jema zaidi linaloweza kumpata mtu mwenye lenzi magharibi ya Sydney kuliko kuamka asubuhi na kukuta jua limefunikwa.

Tuanze na mahali penyewe. Parramatta iko kilomita 24 hivi magharibi ya katikati ya jiji la Sydney, pale maji ya chumvi ya bandari yanapokomea na mto wa maji baridi unapoanzia. Mashariki kuna Bahari ya Tasman. Magharibi kuna Blue Mountains, ambako mji wa Katoomba umekaa mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Upepo ukivuma kutoka baharini huleta unyevu nchi kavu, unyevu huo ukikutana na milima hulazimika kupanda, na unapopanda hupoa ukawa wingu na ukungu. Sisi tuko katikati ya njia hiyo. Watu wa miji mingine husafiri kulitafuta anga lenye kitu ndani yake. La kwetu hupita juu ya paa tukiwa bado tunakunywa chai.

Milima yenyewe huonekana kutoka ghorofa za juu za mjini, na vizuri zaidi kutoka kilima cha Prospect, katika kitongoji cha Pemulwuy kilichopewa jina la shujaa wa Wabidjigal aliyepigana na walowezi hadi alipouawa mwaka 1802. Ukisimama pale, maghorofa ya Sydney yako upande mmoja na mstari wa milima uko upande wa pili. Siku ya anga safi watu hupanda wengi, hupiga picha, na huteremka na picha moja ile ile: ukanda wa buluu chini ya buluu nyingine.

Sababu yake inajulikana. Mikaratusi ya milima hiyo hutoa mvuke wa mafuta, na chembe zinazotokana na mvuke huo hutawanya mwanga wa buluu kuliko rangi nyingine. Ndiyo asili ya jina la milima. Jicho la mtu huufurahia utando huo kwa kuwa jicho huzunguka, huchagua na kukumbuka. Kamera haichagui. Mchana wa jua kali, mwanga ukishuka kutoka juu, matuta yote hupokea kiasi kimoja, mabonde hukosa kivuli, na milima yenye kina cha kutisha hulala bapa kama imechorwa ukutani.

Wingu likipasuka vipande vipande, kazi inaanza. Mwanga hupita penye matundu tu. Tuta la kwanza linawaka, la pili liko gizani, la tatu linawaka nusu, na bonde lililo nyuma yake limejaa ukungu mweupe. Sasa unaweza kuhesabu matuta. Unaona lipi liko mbele na lipi nyuma, unaona umbali. Kipande hicho cha mwanga husafiri: kinapanda jabali, kinakaa juu yake kwa muda, kinateremka upande wa pili. Pale Echo Point, Katoomba, mwanga wa namna hiyo ukiyaangukia majabali ya Three Sisters huku bonde la Jamison likiwa bado gizani, mchanga-mawe uliolowa hugeuka rangi ya kutu mbichi ambayo jua la mchana halijawahi kuitoa. Mvua nayo huosha hewa. Vumbi na moshi vikishuka ardhini, siku inayofuata unaona mti mmoja mmoja ukingoni mwa mlima ambapo jana uliona doa.

Jioni moja ya majira ya baridi nilikuwa pale Prospect baada ya mvua ya mchana kutwa. Wapiga picha wengine walikuwa wameshakunja stendi zao na kuondoka, maana kutoka juu yetu hadi pwani wingu lilikuwa zito, la rangi ya risasi. Magharibi peke yake, juu tu ya milima, palikuwa na mwanya mwembamba wa anga safi. Jua likashuka hadi kwenye mwanya ule. Kwa kuwa lilikuwa limefika chini ya wingu, mwanga wake ulikuja umelala, ukapiga matumbo ya mawingu kutoka chini. Yakageuka kutoka risasi kuwa shaba, kutoka shaba kuwa nyekundu ya kaa la moto, na wekundu ule ukatembea kutoka milimani, ukapita juu ya vichwa vyetu, ukaelekea baharini. Lori zilizokuwa zikipita kwenye barabara kuu ya M4 ziliwaka ubavu mmoja. Nilipogeuka nyuma, mvua ilikuwa bado inanyesha juu ya mji, na upinde wa mvua ulisimama juu ya maghorofa ya Parramatta, mguu wake mmoja ukiwa upande wa mto.

Haukuwa muujiza. Katika latitudo hii hali ya hewa kwa kawaida husafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo mvua ikimaliza kazi, anga huanza kufunguka upande wa milima huku pwani ikiwa bado imefunikwa. Ikitokea hivyo karibu na machweo, jua hupata dirisha. Anayejua hilo haondoki mapema. Mwezi Juni anahitaji kuwa amesimama mahali pake kabla ya saa kumi na moja jioni. Mwezi Desemba, saa zikiwa zimesogezwa mbele, ni kabla ya saa mbili usiku. Bila wingu, jua lingezama kwa adabu nyuma ya milima na tungerudi nyumbani na mstari mweusi chini ya rangi ya chungwa.

Hiyo ni milima. Deni kubwa zaidi ninalokiri ni la nyuso zetu.

Jua, kwa ukali wake wote, ni kitu kidogo angani: upana wake ni kama nusu digrii tu. Chanzo kidogo cha mwanga hutoa kivuli chenye ncha kali. Mchana wa Januari hapa, mtu mweusi akisimama juani, macho yake huzama katika mashimo mawili ya kivuli, na kwenye paji la uso na ncha ya pua hutokea madoa meupe yaliyoungua. Ukirekebisha kamera ili uso uonekane, gauni jeupe linapotea. Ukiliokoa gauni, uso unapotea. Wingu likitanda, anga lote, kutoka upeo hadi upeo, hugeuka kuwa taa. Kiasi cha mwanga hupungua hadi robo, au hata moja ya nane, lakini mwanga huo hutoka kila upande. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'aro. Mng'aro ukitoka kwenye taa pana, nao huwa mpana, ukafuata mfupa wa shavu, ukazunguka kidevu, ukashuka shingoni. Wapiga picha wa studio hununua vitambaa na masanduku ya bei kubwa ili kupata mwanga huo juu ya mtu mmoja. Wingu huutoa kwa wasimamizi wote, wapambe wote, na mabibi waliokaa kwenye viti vya kukunja.

Nakumbuka harusi ya familia iliyotoka Kongo mashariki, katika Parramatta Park, karibu na Old Government House, nyumba ya magavana iliyoanza kujengwa mwaka 1799. Kuta zake ni nyeupe. Siku ya jua hupofusha kamera. Siku ile wingu lilikuwa limeshuka chini kabisa. Mama mkubwa wa bibi harusi alinijia akiwa ameshika kitambaa chake mkononi, uso umemkunjamana.

"Mtoto wangu, jua imekataa leo. Picha zitakuwa nyeusi, sivyo?"

"Hapana, mama. Simama hapo ulipo, nitakuonyesha."

Nilimpiga picha moja, nikamgeuzia kioo cha kamera. Alijiangalia kwa muda mrefu. Kila ua la kitenge chake lilikuwa na rangi yake, kilemba kilikuwa na mikunjo yake yote, na macho yake yalikuwa wazi, hayakukunjwa na jua. Akaita dada zake waje wasimame pale pale. Bwana harusi alikuwa amevaa suti nyeusi na bibi harusi gauni la satini lenye lesi mabegani. Katika fremu moja nilipata nyuzi za lesi, kola ya suti, na nyuso mbili zisizohitaji kuokolewa na kompyuta. Hakuna aliyetokwa jasho. Watoto walisimama wamefumbua macho. Tulipiga picha saa nzima ambayo siku ya jua tungeipoteza tukibanana chini ya mti mmoja.

Fadhila hiyo ina uzito kwetu kwa sababu vifaa vyenyewe havikutuhurumia siku zote. Kwa miongo mingi maabara za filamu za rangi zilipima rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zile zilizoitwa kadi za Shirley. Kinachoeleweka kuwa kiliisukuma Kodak kuboresha rangi za kahawia ni malalamiko ya watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti. Wazazi wetu walipigwa picha kwa filamu za enzi hizo, na ndiyo maana katika albamu nyingi za nyumbani kuna mjomba aliyebaki meno na kola ya shati. Angalia zile zilizopigwa siku ya mawingu: tofauti kati ya shati na uso imepungua, na mjomba yupo. Wingu lilituona kabla ya wenye viwanda hawajatuona.

Waliotutangulia katika kazi hii walijua thamani ya wingu kiasi cha kulitoa mahali pengine. Vioo vya picha vya karne ya 19 vilihisi buluu kupita kiasi. Ukipima mwanga wa nchi kavu au bahari, anga lilitoka jeupe tupu. Gustave Le Gray wa Ufaransa, katika picha zake za bahari za mwaka 1856 na 1857, alipiga kioo kimoja cha maji na kingine cha mawingu, akaviunganisha katika chapa moja. Frank Hurley, aliyezaliwa Sydney mwaka 1885 na kupata umaarufu kwa picha za Antaktika, alifanya vivyo hivyo na akaenda mbali zaidi. Mwaka 1917, akiwa mpiga picha rasmi wa Australia katika vita vya Ulaya, aliunganisha negativu kadhaa, na mawingu makubwa ambayo kioo cha medani hakikuwa nayo yakasimama juu ya medani hiyo. Charles Bean, mwandishi rasmi wa vita hivyo, alimpinga vikali, akitaka picha za vita ziwe ushahidi. Nakubaliana na Bean. Lakini tazama walichokuwa wanakihangaikia watu hao waliokuwa na bahari, majeshi na barafu mbele ya lenzi: walikosa wingu wakaona picha haijakamilika.

Leo mambo yamegeuka. Tangu mwaka 2020 Photoshop ina kitufe cha kubadilisha anga, na wateja wengi hukitumia kuliondoa wingu na kubandika buluu. Naliona hilo kuwa hasara. Anga la buluu juu ya nyasi zisizo na kivuli ni uongo ambao macho huugundua hata kama mtu hawezi kuueleza: jua liko juu ya picha, lakini hakuna aliyeguswa nalo. Uso uliopakwa mwanga laini wa wingu unastahili kubaki chini ya wingu lililoupaka.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tusingepaswa kufundishwa haya na mtu wa mbali. Milima yetu mikubwa imekaa na mawingu tangu zamani. Anayeishi Moshi anajua Kilimanjaro huonekana asubuhi na mapema au jioni, na mchana hujifunika. Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa Rabai, alipokiona kilele hicho tarehe 11 Mei 1848, kwanza alidhani weupe ule ni wingu, na alipoandika kwamba ni theluji, mwanajiografia William Desborough Cooley kule London alikataa kumwamini. Kule milima ya Rwenzori, mvumbuzi Stanley alipita karibu katika miaka ya 1870 bila kuitambua theluji. Hadi Mei 1888 ndipo pazia la ukungu lilipomfungukia. Kisha mwaka 1906 akaja Vittorio Sella, mpiga picha wa msafara wa Duke wa Abruzzi, na kamera nzito. Katika picha zake ukungu umepita kati ya kilele na kilele, na kwa kupita huko umevitenganisha, ukaupa kila mlima kimo chake. Mlima uliosimama peke yake chini ya anga tupu hauna cha kupimiwa. Wingu likipita katikati ya kiuno chake, unajua ni mrefu kiasi gani.

Wenye haki ya kulilalamikia wapo, na nawaheshimu. Nyuma ya Old Government House, gavana Thomas Brisbane alijenga kituo cha kuangalia nyota mwaka 1822. Carl Rümker na James Dunlop walifanya kazi humo. Mwaka ule ule kometi ya Encke ilionekana kutoka Parramatta, na mwaka 1835 orodha yao ya nyota 7,385 ikachapishwa. Kituo kilifungwa mwaka 1847, na nguzo za mawe zilizobeba darubini bado zimesimama kwenye nyasi za bustani. Mtu aliyekesha kuhesabu nyota na kukuta wingu alinyang'anywa riziki yake hasa. Wengine ni wale waliopata hasara mwaka 2022, mwaka uliovunja rekodi ya Sydney ya mvua ya mwaka mzima, ikizidi milimita 2,500, pale mto Hawkesbury ulipofurika na kuingia nyumba za watu. Mbele yao siwezi kulitetea. Na radi ikianza, mpiga picha aliyesimama kilimani na stendi ya chuma afanye jambo moja tu: ateremke.

Hao wakitolewa, manung'uniko yaliyobaki ni ya mazoea. Mwezi Novemba mijakaranda ya Parramatta huchanua kama ile ya Nairobi, na zambarau yake huiva chini ya wingu, maana jua kali huipausha. Machweo, popo wakubwa wenye vichwa vya kijivu huondoka kwenye miti ya kando ya mto ndani ya bustani, na wingu jepesi nyuma yao huonyesha kila mfupa wa bawa. Mvua ikinyesha usiku, lami ya Church Street hubeba taa zote za mikahawa, na reli za tramu iliyoanza kazi Desemba 2024 huzivuta taa hizo hadi mwisho wa barabara. Treni ya Katoomba, saa moja na nusu hivi kutoka kituo cha Parramatta, siku hizo huwa na viti.

Kulishukuru wingu vizuri ni kujua lipi limekuja. Likiwa shuka moja nene lisilo na tundu, hilo ni la nyuso: wapige watu, shusha kamera, usilipe anga tupu nusu ya fremu. Kama limekatika vipande na upepo unalisukuma, hilo ni la milima: panda Prospect au Katoomba, pimia sehemu yenye mwanga zaidi ili isiungue, na subiri kipande cha jua kifike unapotaka. Mvua ikiwa inaondoka kuelekea baharini na machweo yamekaribia, geukia magharibi, halafu ukumbuke kugeuka nyuma. Vaa kofia hata hivyo, kwa sababu miale inayounguza ngozi hupenya wingu.

Na familia za Merrylands, Auburn na Blacktown zinazopanga harusi, nawaomba kwa moyo wote: msichague tarehe kwa kutafuta jua, na msiwalipe watu kubandika anga lisilokuwepo. Watoto wenu watakapoifungua albamu hiyo watawatafuta ninyi, na wingu ndilo litakalokuwa limewahifadhia nyuso zenu zote, za mbele na za nyuma, pamoja na weusi na weupe wa nguo, bila kumpendelea mtu. Kwa hiyo mteja akinipigia simu alfajiri kuuliza kama tuahirishe kwa sababu limetanda, jibu langu huwa moja: njooni sasa hivi, kabla halijafunguka.